Shajara ya mradi: METAR, TAF na SIGMET kwa Kiswahili, kutoka kaskazi hadi kusi

Februari 3

Mradi umeanza leo. Tunataka karatasi mbili na daftari moja. Karatasi ya kwanza itabandikwa ukutani kwenye chumba chetu cha operesheni za ndege na itaeleza METAR, ripoti ya hali ya hewa ya kiwanja, kwa Kiswahili, kipande kwa kipande. Ya pili itaeleza TAF, utabiri wa kiwanja. Daftari ni la zamu: kila siku mtu aandike utabiri ulisema nini na kiwanja kilipata nini, kuanzia sasa wakati wa kaskazi, kupita masika yote, hadi upepo wa kusi utakaposhika sawasawa mwezi wa sita.

Vijana ninaowafundisha ni watatu, wawili wa Unguja na binti mmoja wa Wete. Wamemaliza Fomu Sita na Kiingereza cha skuli wanacho, lakini ripoti za anga haziandikwi kwa lugha ya skuli. Ni herufi na tarakimu zilizokubaliwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ili rubani wa popote asome ripoti ya popote. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ndiyo inayotoa za kwetu.

Kukariri vifupisho si kazi kubwa, kijana mwenye bidii anavimaliza kwa muda mfupi. Ninachotaka ni kwamba akishaisoma ripoti aweze kumwambia rubani mambo mawili: kiwanja kikoje, na ripoti hii haisemi nini. Hilo la pili ndilo lililonifanya nianzishe mradi huu, maana nimeona watu wengi wanaosoma vizuri kilichoandikwa na wasijiulize kisichoandikwa.

Februari 5

Tumeanza na ripoti niliyoitunga kwa mazoezi, asubuhi ya kaskazi ya kawaida:

METAR HTZA 110600Z 03010KT 9999 FEW020 30/25 Q1013 NOSIG

HTZA ni Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Abeid Amani Karume. HT ni Tanzania, ndiyo maana Pemba ni HTPE na Dar es Salaam ni HTDA. Mombasa iko Kenya, inaanza na HK.

Tarakimu zinazofuata ni tarehe 11, saa 0600 ya Zulu, yaani saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Hapa ndipo vijana wote hukwama mwanzoni, kwa sababu wanageuza mara mbili: kutoka Zulu kwenda saa ya Afrika Mashariki, kisha kutoka hapo kwenda saa tunayoisema midomoni. Binti wa Wete akaniambia, "Mwalimu, mie sipiti huko. Nachukua saa yetu ya mchana, naongeza tatu, basi." Tukaijaribu. Saa tatu asubuhi, ongeza tatu, 0600. Saa sita mchana, 0900. Saa kumi jioni, 1300. Inakubali mchana wote. Usiku unaongeza kumi na tano: saa tatu usiku ni 1800, saa sita usiku ni 2100, ukivuka 24 unatoa 24. Saa kumi na mbili alfajiri ni 27, toa 24, unapata 0300. Kanuni hii inaingia kwenye karatasi ya ukutani, mstari wa juu kabisa.

03010KT ni upepo unaotoka nyuzi 030 kwa noti 10. Unatoka, hauendi. Njia yetu ya kurukia ni 18/36, karibu sawa na kusini na kaskazini, hivyo upepo huu unampa rubani njia 36 na unampiga ubavuni kwa kiasi cha noti 5 tu. Nimewafundisha hesabu ya haraka: upepo ukiwa umepishana na njia kwa nyuzi 30, nusu yake ni ya ubavuni, nyuzi 45, sehemu saba katika kumi, nyuzi 60, sehemu tisa katika kumi. METAR hupima mwelekeo kwa kaskazini halisi ya ramani, mnara humsomea rubani kwa kaskazini ya dira. Kwetu tofauti ni nyuzi chache tu, ila kijana anapaswa kujua kwamba ipo.

9999 ni umbali wa kuona wa kilomita 10 au zaidi. FEW ni mawingu machache, sehemu moja au mbili ukiigawa anga kwa nane; SCT ni tatu hadi nne, BKN tano hadi saba, OVC nane zote. 020 ni futi 2,000 juu ya kiwanja. Jotoridi ni 30 na kiwango cha umande ni 25. Tofauti ni 5; zidisha kwa 400 unapata futi 2,000, kimo ambacho mawingu ya kuchemka kutoka chini huanzia. Vijana walifurahi sana kuona hesabu hiyo inaangukia palepale aliposema mpimaji.

NOSIG tutaijadili siku nyingine, ina mambo yake.

Februari 14

Nimewaagiza waandike Q peke yake, mgandamizo wa hewa, saa baada ya saa, mchana na usiku. Walilalamika kwamba ni kazi isiyo na maana, kwani namba haiendi popote, inacheza kwenye 1011, 1012, 1013.

Leo tumechora mistari yao kwenye karatasi ya mraba na wote wakanyamaza. Mstari unapanda na kushuka mara mbili kwa siku kama maji ya pwani. Unafika juu saa nne asubuhi, unashuka hadi saa kumi jioni, unapanda tena hadi saa nne usiku, unashuka hadi saa kumi alfajiri. Siku ikiisha unaanza upya. Hakuna dhoruba wala mvua iliyohusika. Ni jua linavyoipasha anga moto, na anga nzima ya ukanda wa joto huitikia hivyo kila siku. Kwenye nchi za baridi mifumo mikubwa ya dhoruba huufunika mwendo huu usionekane. Sisi tuliopo nyuzi 6 kusini mwa ikweta tunauona wazi.

Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni mgandamizo hupungua kwa kama hektopaskali 3. Marubani huhesabu futi 30 kwa kila hektopaskali. Aliyeondoka asubuhi na 1014, akarudi alasiri na 1011 bila kuirekebisha altimita, kipima kimo chake, ataoneshwa yuko juu kwa futi 90 zaidi ya alipo. Futi 90 ni jengo la ghorofa kadhaa.

Faida ya pili ni kubwa kwangu kuliko hiyo. Kijana akiona Q inashuka mchana asitishike, na akiona inapanda asubuhi asifarijike. Alinganishe saa nne ya leo na saa nne ya jana. Ikiwa saa nne hizo mbili zimeachana kwa hektopaskali mbili au tatu, hapo kuna habari.

Februari 26

Ya leo ni fupi. Joto. Hewa ya kawaida ya vitabu ni nyuzi 15 usawa wa bahari. Sisi tuna 32. Kila nyuzi inayozidi ni kama kuongeza futi 120 za kimo, hivyo ndege iliyoko Unguja futi chache juu ya bahari inafanya kazi kana kwamba iko zaidi ya futi 2,000. Inahitaji njia ndefu zaidi na inapanda polepole zaidi. Namba ndogo ya 32 mwishoni mwa ripoti ndiyo inayolisema hilo, na wengi huiruka.

Machi 8

Tumeingia kwenye utabiri. Mfano wa mazoezi:

TAF HTZA 142300Z 1500/1524 18008KT 9999 SCT018 PROB40 TEMPO 1501/1506 3000 TSRA BKN015 FEW018CB BECMG 1507/1509 20015KT

Huu umetolewa tarehe 14 saa 2300 Zulu, unafanya kazi siku nzima ya tarehe 15. Mstari wa kwanza unaeleweka. Kazi iko kwenye TEMPO na BECMG, nami nimewaambia hatutasonga mbele mpaka kila mmoja ayaeleze bila kuangalia.

TEMPO, mabadiliko ya kupita, ina mipaka miwili. Kila tukio lisifike saa moja, na yote kwa pamoja yasifike nusu ya kipindi kilichotajwa. Hapa kipindi ni 01 hadi 06 Zulu, kwetu saa kumi alfajiri hadi saa tatu asubuhi, muda wa saa tano. Kwa hiyo mtabiri anasema: mvua ya radi ikija itakuja na kuondoka, haitakaa saa nzima kwa mpigo, na kwa jumla haitafika saa mbili na nusu. Rubani mwenye mafuta ya kusubiri saa nzima anaweza kupanga safari juu ya maneno hayo. Asiyekuwa nayo asipange.

PROB40 ni uwezekano wa asilimia 40. Utaona 30 na 40 tu. Chini ya 30 mtabiri haandiki. Ikifika 50 haandiki PROB, anaandika mabadiliko yenyewe. Kijana mmoja akauliza kama 40 maana yake ni kwamba pengine haitokei. Nikamwambia awaze siku kumi zenye utabiri huo huo. Siku nne kiwanja kitapigwa radi. Je, katika hizo siku kumi atapeleka ndege isiyo na mafuta ya kwenda kiwanja cha akiba?

BECMG 1507/1509 ni mabadiliko yatakayokamilika ndani ya muda huo, saa nne asubuhi hadi saa sita mchana, kisha yakae. Wakati hasa haujulikani. Sheria tuliyoandika kwenye karatasi: jambo likiwa la kuharibika, lihesabu kuanzia mwanzo wa kipindi, likiwa la kutengemaa, lihesabu kuanzia mwisho wake.

Nawapenda watabiri kwa jambo hili. Wanafunga mdomo pale wasipojua, na lugha yao imewapa njia ya kusema kiasi gani wanajua.

Machi 20

Maleleji. Kaskazi umechoka na kusi haujaja. Daftarini zimejaa VRB02KT na VRB03KT, upepo mdogo usio na mwelekeo. Jumapili nilikwenda Nungwi kumwamkia ami yangu, mvuvi wa siku nyingi, nikamweleza kuhusu mradi. Akaniuliza, "Hiyo karatasi yenu inakwambieni mvua iko wapi, au inakwambieni hapa hakuna?" Nikamwambia, "Ami, inatwambia hapa." Akasema, "Basi na bahari muangalie wenyewe."

Ndiyo hoja ya mradi huu, na ami kaisema kwa pumzi moja.

Aprili 4

Leo tumechukua ramani na rula. Kutoka kiwanja cha Unguja hadi cha Pemba ni kama kilomita 125, safari ya nusu saa hivi kwa ndege ndogo. METAR inasema kuhusu kiwanja. Ikiandika VC, kwa mfano VCSH (manyunyu) au VCTS (radi), inasema kuhusu jirani ya kiwanja, kama kilomita 8 hadi 16. Tukachora duara la kilomita 16 kuzunguka HTZA na jingine kuzunguka HTPE. Katikati zimebaki kilomita 93 ambazo hakuna METAR hata moja inayozitaja: Nungwi, Tumbatu, mkondo wote wa maji kati ya visiwa viwili. Na TAF nayo ni ya kiwanja.

Vijana walikaa wakaiangalia ile ramani. Kabla ya hapo walikuwa wanasoma METAR ya Unguja, wanasoma ya Pemba, zote 9999, wanaandika "njia safi". Sasa tumekubaliana kwamba kwenye fomu yetu neno "njia" halitoki kwenye METAR. Litatoka kwenye picha za setilaiti za Meteosat, zinazokuja kila robo saa, kwenye SIGMET, yaani tahadhari za hali ya hewa ya hatari angani, na kwa rubani aliyepita.

Masika ina tabia yake kwetu, ndiyo maana nalisisitiza. Mara nyingi mvua za radi hukua baharini usiku na kutufikia alfajiri au asubuhi, wakati ule ule ambao safari za kwanza zinaondoka. Kiwanja kinaweza kuwa na nyota juu na radi ikawa inapiga kilomita 40 upande wa bahari. METAR itakuwa ya kweli, na safari itakuwa mbaya.

Aprili 9

Leo asubuhi tumeona jambo lenyewe kwa macho, nami naliandika lingali bichi.

Ripoti ya saa 0500, saa mbili asubuhi yetu: upepo 34004KT, 9999, VCSH, FEW018CB, 28/25, Q1012. Kaskazi hafifu, manyunyu jirani, wingu moja la radi. Mlangoni kwetu, ukiangalia upande wa Chumbe, ukuta wa kijivu ulikuwa umesimama baharini na sehemu yake ya chini imenyooka kama imekatwa kwa kisu. Ndege yetu ilikuwa Pemba, abiria wameshapanda, rubani anasubiri neno.

Binti wa Wete ndiye aliyekuwa zamu. Akasema, "Mwalimu, wingu lipo kusini, upepo bado wa kaskazini. Ukigeuka tu, ndiyo limefika." Akampigia rubani, akamsomea METAR yote, kisha akaongeza: wingu la radi linaonekana kusini mwa kiwanja, linakuja, nashauri usubiri ripoti ijayo. Rubani akasubiri.

Baada ya dakika chache mti wa mkungu ulio kwenye maegesho ukainama upande wa pili. Upepo wa kaskazini uligeuka ukawa wa kusini kabla ya tone la kwanza kuanguka, na ulikuwa wa baridi. Ni hewa inayomwagwa na wingu: mvua inaipoza, inakuwa nzito, inaporomoka, ikigonga chini inatawanyika kuelekea mbele ya mvua yenyewe. Ripoti maalumu, SPECI, ikatoka saa 0512: 19022G35KT 1500 +TSRA BKN012 FEW015CB 23/22 Q1014. Isome taratibu. Upepo umegeuka kwa nyuzi 150 na kufika noti 22, mavumo ya ghafla hadi 35. Joto limeshuka nyuzi 5. Mgandamizo umepanda kwa 2 kwa uzito wa ile hewa baridi. Umbali wa kuona umetoka kilomita 10 hadi mita 1,500. Yote ndani ya dakika kumi na mbili.

Ndege ambayo ingekuwa mita mia chache juu ya ardhi, imejipanga kutua njia 36 kwa upepo wa mbele, ingejikuta ghafla na upepo wa nyuma. Kasi yake ndani ya hewa ingepungua kwa mara moja, na hapo chini hakuna nafasi ya kuitafuta tena.

Saa 0600 ripoti ilikuwa 9999 RETSRA, radi imeshapita muda si mrefu. Ndege ikaja, ikatua vizuri. Abiria walilalamika kucheleweshwa. Nimemwambia binti mbele ya wenzake kwamba kazi aliyoifanya leo ndiyo kazi.

Aprili 15

Tarehe hii niliichagua makusudi kwa somo la vimbunga. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilisalimika zaidi, na karafuu ikahamia huko. Tarehe 15 Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya ikaingia nchi kavu kisiwani Mafia.

Vijana walikuwa wameshasikia kwamba vimbunga havifiki kwetu. Kweli ni adimu, kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauipindi hewa vya kutosha kuifanya izunguke. Ila adimu haimaanishi hakuna, na Aprili na Mei mapema ndio wakati wa kuangalia kusini mashariki.

Tahadhari za vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi hutolewa na kituo cha La Réunion. Hutaja mahali kilipo kiini, kinakoelekea na kwa kasi gani, nguvu ya upepo karibu na kiini, na mahali kinapotarajiwa kuwa saa kadhaa zijazo. Za majivu ya volkano kwa upande wetu hutoka Toulouse, Ufaransa. Tuliligusa kwa ufupi: Karthala ya Komoro ililipuka mwaka 2005 na si mbali nasi, na majivu yanaua injini hata anga ikiwa buluu.

Mei 3

SIGMET. Hii ndiyo karatasi inayozungumzia njia, kwa hiyo nimeipa muda. Inatolewa kwa anga nzima ya Dar es Salaam, nasi tumo ndani yake. Hudumu kwa muda usiozidi saa nne, au saa sita kwa vimbunga na majivu.

Maneno manne ya radi yameandikwa kwa wino mwekundu: OBSC, wingu la radi lililofichwa na ukungu, moshi au giza, EMBD, lililozama ndani ya mawingu mengine, FRQ, mengi yaliyokaribiana, SQL, yaliyopanga mstari. Radi iliyosimama peke yake mchana kweupe haitolewi SIGMET, maana rubani anaiona na kuizunguka. Inayotolewa ni ile asiyoweza kuiona au kuizunguka. Kijana akielewa hilo hawezi tena kusema "hakuna SIGMET, hakuna radi".

TOP FL450 ni kilele cha futi 45,000. Ndege zetu ndogo zinaruka chini ya futi 10,000, hivyo kupita juu si mjadala, na chini ya wingu la radi hakupitwi. Inabaki pembeni, na marubani hufundishwa kukaa angalau maili 20 mbali na radi kali. Kwenye mkondo wa Pemba maili 20 kila upande zinaweza kukupeleka Tanga. Mara nyingi jibu sahihi ni kungoja.

Mei 22

Kusi imeanza. Mamlaka imetoa angalizo kwa wavuvi na watumiaji wa bahari: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, pwani yote na visiwani. Chini yake zipo zile safu mbili zinazofahamika, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Vijana waliipita kwa kuwa ni ya bahari. Nikawarudisha.

Kilomita 40 kwa saa ni karibu noti 22. Ukitoka nyuzi 140, kwenye njia 18 ubavuni unapata noti 14. Ukihama kidogo tu kuelekea mashariki, nyuzi 110, ubavuni unazidi noti 20. Cessna Caravan, ndege ya kawaida sana katika safari zetu za visiwani, imepimwa na watengenezaji wake hadi noti 20 za ubavuni. Yaani tangazo la wavuvi lilikuwa linatuambia jambo letu siku moja kabla. Tumeongeza mstari kwenye fomu ya asubuhi: angalizo la bahari lipo au halipo, na kama lipo, piga hesabu ya upepo wa ubavuni kwa mwelekeo wake.

Leo pia tumemalizana na NOSIG, yaani hakuna mabadiliko makubwa yanayotarajiwa. Inahusu saa mbili zijazo tu. Ripoti ya saa 0600 yenye NOSIG haina la kusema kuhusu saa 0830.

Juni 12

Karatasi zote mbili zimebandikwa. Daftari limejaa hadi kurasa za mwisho, na tumelisoma pamoja jana mchana kutwa.

Utabiri wa upepo ulitutendea haki karibu msimu wote. Kaskazi na kusi ni pepo zinazotabirika. TEMPO za masika zilipatia kipindi cha siku kuliko tulivyotarajia, alfajiri na asubuhi, lakini kiwanja chenyewe mara nyingi kilikosa mvua iliyokuwa ikionekana upande wa bahari. Vijana wangeziita hizo siku za utabiri kukosea. Tulipozipitia upya pamoja na safu ya maelezo, radi zilikuwepo, zilipita nje ya duara letu. Zile PROB ambazo hazikutupata zilikuwa zimeyapata maji ya Nungwi.

Kwa hiyo daftari jipya lina safu ambayo la kwanza halikuwa nayo: rubani aliona nini njiani. Kila anayetua ataulizwa mambo matano kabla hajaondoka kwenye ndege: mahali, saa ya Zulu, kimo, aliona au alihisi nini, na ndege ya aina gani, kwa sababu msukosuko mdogo kwa ndege kubwa ni mkubwa kwa ndogo. Likiwa jambo zito anawaambia waongoza ndege kwa redio akiwa bado angani, na sisi tunaliandika akishatua. Maneno yawe yake, bila kupambwa. Kapteni mmoja ametuanzishia jana: "Kaskazini ya Tumbatu, 1120, futi 4,500, mvua upande wa kulia, kilele sikukiona, mtikisiko wa wastani dakika mbili." METAR za viwanja vyote viwili saa ile zilikuwa 9999.

Binti wa Wete anakwenda Pemba wiki ijayo na nakala za karatasi na daftari tupu, ili safari zinazoanzia upande ule zijazwe kule kule. Vuli ikianza mwezi wa kumi tutalinganisha madaftari mawili.